Ua la Shaba Mlangoni kwa Kaku

Utotoni mwangu, pale Likasi, kulikuwa na ua moja tulilokatazwa kuligusa. Ua lenyewe dogo tu, halikunifika hata magotini: shina la pembe nne kama la lumba-lumba tunalochemsha homa ikitushika, majani mawili mawili yanayotazamana, na kichwa cha mviringo chenye zambarau iliyofifia. Lilimea mvua zikianza, likachanua mvua zikielekea kwisha, kiangazi likafa. Wakubwa waliliita ua la wafu, kwa sababu linaota mahali ambapo majani mengine yamekataa kuota. Likichanua mlangoni kwa mzee, walisema, mzee huyo anakula watoto. Niliyaamini hayo yote.

Mwaka ninaouzungumzia, lilichanua mlangoni kwa Kaku. Ndivyo sisi wa asili ya Kasai tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake Mama. Alikaa chumba cha nyuma ya nyumba yetu, na mbele ya mlango wake alipanda matembele na lengalenga. Chumba cha pili kilikuwa cha Baba mdogo Sylvain, ndugu yake Baba, aliyekuwa akichimba madini kule Kambove. Baba alikwisha kumwambia wazi kwamba siku atakayoleta madini nyumbani, siku hiyo hiyo atahama. Basi kila tulipomwona ameinamia beseni kubwa la plastiki huko nyuma, alituambia anafua nguo za kazi. Alikuwa anaosha mawe ya shaba. Maji yale ya tope la kijani aliyamwaga kwenye mboga za Kaku.

Beseni lilikuwa hilo hilo moja. Mama alimwogeshea humo mdogo wangu Trésor, ambaye hakujua bado kuzungumza na alikuwa na tabia ya kunywa maji ya kuogea. Kaku alilalamika kwamba lile beseni linanuka chuma, mtoto asitiwe humo. Mama akamjibu kwamba uzee unamsumbua. Mboga zikanyauka, udongo ukabaki mtupu, na mvua zilizofuata likatoka lile ua, peke yake, limesimama kama limealikwa. Trésor naye akaanza kutapika, maji ya kijani yenye uvundo, asubuhi na jioni.

Aliletwa mchungaji wa kikundi cha maombi, mtu wa viatu vya kung'aa. Hakumgusa mtoto. Aliliangalia ua, akasema kazi imekuwa nyepesi: mzee alitafune lote, na mizizi yake, mbele ya familia. Akilitapika, uchawi umejitoa wenyewe. Nauliza leo, maana siku ile hakuna aliyeuliza: ni nani angelimeza akatulia?

Kaku alimtazama Mama peke yake. "Minye sikulaka bantu," alisema, kwamba yeye hali watu. "Lakini kama ni weye unaniomba, nitatafuna."

Mama aliinamisha macho. Kaku akaling'oa ua kwa mkono wake, akalitia mdomoni na udongo wake. Meno yalikuwa yamebaki machache. Nilisikia mchanga ukisagika. Mate ya kijani yalimtoka pembeni mwa mdomo, yakashuka kidevuni, yakalowesha blauzi yake ya kanisani. Baba mdogo Sylvain ndiye aliyemshikia beseni chini ya kidevu, huku akimpapasa mgongo, akimbembeleza kwa sauti laini atapike yaishe. Kaku alifumba midomo mpaka shingo ikamtetemeka. Mwisho matapishi yalimshinda, yakamwagika. Watu wakapiga makofi, wakamshukuru Mungu. Mimi nami nilitapika, miguuni pangu, na sikuwa nimetafuna kitu. Hakuna aliyehangaika na uchawi wangu.

Kesho yake alipakiwa kwenye taxi-bus kwenda Mulungwishi kwa dada yake. Sylvain, roho juu, akahamishia mawe yake kwingine pamoja na beseni. Trésor akapona. Wote wakasema, mmeona?

Mvua zilizofuata Sylvain alikuja kukaa kibarazani kwetu na wachimbaji wenzake. Nilikuwa ndani napepeta mchele, dirisha wazi. Alitoa mfukoni ua lililokauka, akawapitishia mkononi. "Fasi mutaona hii maua, muchimbe," aliwaambia, yaani mahali popote watakapoliona. "Haidanganyake. Mukuba iko chini." Mukuba ndiyo shaba.

Nilikwenda moja kwa moja jikoni kumwambia Mama. Alitoka na mwiko mkononi, akamuuliza Sylvain alijua jambo hilo tangu lini. Akajibu, akicheka kidogo, kwamba kila mchimbaji wa Kambove anafundishwa siku ya kwanza. Baba alimfukuza jioni ile. Mama alikwenda Mulungwishi kumchukua Kaku, akarudi peke yake. Kaku alikuwa amemkaribisha vizuri, amempikia, kisha akamwambia: "Mulikuwa munaniangalia. Sitalala tena mule." Alifia huko huko.

Siku hizi nafundisha elimu ya mimea. Najua sasa kwamba ua lile ni la jamii ya mnanaa, linaishi mwaka mmoja tu, na ukilipanda kwenye udongo mzuri wa bustani linaoza likiwa changa, ukungu unalimaliza. Shaba inayoua mboga ndiyo inayolikinga. Halina uhusiano wowote na wafu. Sina kinyongo nalo, ingawa bado silishiki bila mate kunijaa mdomoni.

Sylvain alinipigia simu juzi. Sasa ni mnunuzi wa madini, ana gari na kitambi. Alikuwa amesikia kwamba natembea porini na wanafunzi. "Mutoto wangu," alisema kwa ile sauti yake laini, "ile maua uliiona fasi gani?"

Nilimwambia nililiona mlangoni kwa Kaku. Akauliza kama kuna fasi ingine.

Nilikata simu. Kama uchawi upo au haupo, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba bibi yangu alikuwa anatafuna, na mtu yule alikuwa anajua.