Nilimfundisha mjukuu wangu kuficha selimundu

Wakuu, salamu zenu. Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Naanza na kosa lenyewe. Dada yangu alinipigia simu kutoka Tanga akaniomba nifiche ugonjwa wa mjukuu wangu. Nilipaswa kukataa. Nikakubali. Haya yamenitokea mwenyewe na sina cha kuongeza.

Mjukuu anaitwa Nuru, ana miaka minane, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulikuwa tumehamia Lanham kutoka Alexandria, huku huku Marekani, anaanza shule mpya. Mama yake, binti yangu Rehema, huingia kazini hotelini alfajiri, hivyo akaniachia fomu ya afya nijaze. Jina la ugonjwa aliniandikia kwenye karatasi kwa Kiingereza, nisikosee.

Dada akasema, "Kaka, ukiandika hilo Watanzania wote wa huko watajua. Mabinti wa ukoo huu wataolewa na nani?"

Basi ile sehemu nikaiacha wazi. Nikamwambia Nuru, "Hii ni siri ya nyumbani. Usimwambie mtu shuleni."

"Okay, Babu."

Mtoto msikivu sana yule.

(Wazee wenzangu tuseme ukweli: tunaogopa kukosa posa kuliko tunavyoogopa homa.)

Januari darasa likatolewa nje kucheza. Baridi huwaamshia maumivu wenye selimundu. Nuru akaanza kuumwa miguu, halafu kifua. Akanyamaza mpaka saa ya kutoka. Nilipomfuata alikuwa anahema kwa shida.

"Kwa nini hukumwambia mwalimu?"

"You said it's a secret, Babu."

Ikaitwa ambulance. Daktari akasema mapafu yameshambuliwa, na saa zile alizonyamaza zimemweka pabaya.

Wakuu, watu wale walimpigania mtoto wetu. Oksijeni, dawa ya maumivu bila kumuuliza kama anadeka, na kuongezewa damu. Mtu nisiyemjua alitoa ile damu. Mungu amlipe.

Nesi mmoja, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, akaniamkia, "Shikamoo, babu." Nikajikuta nimemweleza yote.

Akasema, "Babu, aibu tunaiacha parking. Humu ndani tunasema."

Nuru akacheka ndani ya mask yake. "Babu, she's bossing you!"

Nesi akanisaidia kuandaa maelekezo ya shule: anywe maji muda wote, aruhusiwe chooni, asikae kwenye baridi, akipata homa tupigiwe hapo hapo. Niliyapeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu hakunilaumu, alinishukuru. Nikaona aibu mpya.

Rehema naye hakunifokea. Alinipa kazi ya kumpa Nuru dawa yake kila siku.

Nikampigia dada, nikamwambia sifichi tena. Akauliza, "Mtoto anapumua?"

"Anapumua."

"Basi waache waseme."

Mwenye mtoto wa selimundu, utaje ugonjwa shuleni, msikitini, kanisani, popote anapoachwa. Mliopitia haya niandikieni hapa chini, na mwenye kunisema aniseme, nimekaa.

Nuru anaruka kamba sasa, namshukuru Mungu. Akiumwa anamwambia mama yake, mwalimu, nesi. Mimi nikimuuliza ananijibu, "I'm fine, Babu." Jana alinijibu hivyo huku ameshika goti kwa mikono miwili.

Mjukuu wangu haniambii tena anapoumwa. Hicho ndicho nilichopoteza.