Gitaa la Waya za Breki

Asubuhi ile nilifunga mlango wa chumba nilichopanga Biharamulo mjini, nikashika barabara bila kuwa na ninakokwenda. Ndiyo tabia yangu, rafiki, na uzee haujaitibu. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali wakati baiskeli iliponipita mteremkoni, imesheheni mikungu ya ndizi, haina breki. Mwendeshaji alikuwa akikandamiza kandambili yake kwenye tairi la mbele ili apunguze mwendo. Ile harufu ya mpira unaoungua ikanisimamisha, na mawazo yakanirudisha Mbuba, kijijini kwetu, wakati wa vita.

Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, kaka yangu na mimi. Kijiji kilikuwa bado kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari, na migomba yetu ya zamani tulikuwa tumeiacha kule tulikotolewa. Bibi alituita waume zake. Kaka alikuwa mume mkubwa kwa sababu ya baiskeli yake, na si baiskeli tu, bali yenye taa ya dainamo na breki za waya wakati za wenzake zote zilikuwa za vyuma. Mimi nilikuwa mume mdogo, anayekula ndizi nyingi kuliko anazolima.

Kaka aliwahi kuona gitaa la umeme kwenye dansi huko Mwanza, na tangu hapo hakuacha kulisimulia. Akachonga la kwake kwa mbao, akalifunga nyuzi za kano za ng'ombe, kwa kuwa ndizo nyuzi za inanga wanayopiga wazee wetu. Kabla hajalimaliza, mgambo wakaitwa vitani, naye alikuwa mmoja wao. Siku ya kupanda lori alinipakatisha lile gitaa akasema, "Nikirudi nilikute linalia kwa umeme."

Mimi nikayageuza maneno yale kitoto. Nikaamini kwamba likilia, atarudi.

Nilikuwa nimeacha shule ili nimsaidie bibi shambani, ila jioni nilikwenda kwa mwalimu wa sayansi. Alinitania kwamba nimeacha shule lakini maswali nimeyabeba. Alikuwa na redio isiyoshika tena stesheni yoyote, ingawa ukigusa waya fulani ndani kwa kidole, ilinguruma. Masikio yamekufa, aliniambia, koo bado ni zima. Akanipa redio hiyo, kipande cha sumaku na waya mwembamba wa shaba niuzungushie. Betri hazikupatikana dukani, sawa na sabuni na sukari, kwa hiyo nilizianika zile kuukuu juani, zikapata uhai kidogo.

Nikaiweka sumaku chini ya nyuzi, ncha za shaba nikaziunga kwenye redio. Nikapiga. Kimya. Nikazungusha shaba upya, mara nyingi nisizozikumbuka. Kimya kile kile, na kila kilipojibu hivyo niliona lori la kaka likienda mbali zaidi.

Vita vikaisha. Malori yakarudi na askari wakiimba, tukasimama barabarani na matawi ya majani mpaka la mwisho likapita. Kaka hakuwemo. Hakuja mtu wa kutuambia lolote. Bibi akaendelea kumpakulia maharage yake na kuyafunika, na kila Jumamosi aliipangusa ile baiskeli kwa mafuta ya kupikia, vumbi likazidi kuganda.

Siku moja mwalimu alipita kwetu, akalinyanyua gurudumu la nyuma la ile baiskeli na kulizungusha kwa mkono. Taa ikawaka. Ndani ya dainamo, alisema, sumaku inazunguka karibu na shaba, ndipo umeme unazaliwa. Katika gitaa lako sumaku imetulia, kwa hiyo chuma kitikisike karibu yake. Kano haiijui sumaku. Tafuta nyuzi za chuma.

Alipoondoka nikaitazama baiskeli. Chuma chembamba kiasi kile kilikuwa mahali pamoja tu nyumbani kwetu, ndani ya breki za kaka.

Sikuthubutu kusema. Nadhani bibi aliona macho yangu yanakoelekea, kwa kuwa kesho yake aliitoa baiskeli uani.

"Unataka nini hapa, mume mdogo?"

"Waya za breki, bibi."

"Na milima yote hii, akirudi atashukaje?"

Akazibana breki kwenye usukani, akaziachia.

"Fungua," akasema. "Afike kwanza."

Nilizifumua zile waya uzi mmoja mmoja, nikazifunga kwenye gitaa mahali pa kano. Nilipopiga wa kwanza, redio ilikohoa, halafu sauti ikatoka, ya mkwaruzo, lakini sauti. Nikacheka peke yangu. Bibi hakucheka. Alikuwa ameigeukia njia.

"Ongeza," akaniambia. "Isikike mpaka barabarani."

Nikaongeza mpaka mwisho. Nikapiga hadi vidole vikachanika, na betri zikafa kabla jua halijatua.

Bibi hayupo tena. Gitaa lililiwa na mchwa, baiskeli iliozea ukutani bila breki, na sijakutana na mtu aliyemwona kaka. Tangu wakati huo nimelala katika nyumba nyingi za watu, na kote huomba chumba kinachotazama barabara.

Nilifika Nyarubungo jioni. Mama mmoja mwenye vyumba vya wageni akanipa cha mbele, akanipikia ugali wa muhogo. Nilipokuwa nakula aliniuliza kama redio yake inanisumbua, aipunguze.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Kama inaweza, iongeze kidogo."