Chumba cha Hesabu za Ziwa

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha utafiti wa maji, Nakuru, sikugusa hata tone la maji. Nilikabidhiwa kutunza kompyuta moja iliyotumiwa na watafiti wote. Mkuu wa Takwimu, mama mfupi asiyependa maneno mengi, akanionya: "Hii mashine ni kama boma ya wake wengi. Kila mtu apewe jikoni yake, ama watapigana na sufuria."

Alikuwa na maana yake. Programu ya kisayansi huegemea vifurushi, yaani kazi walizoandika wengine nawe ukaziazima, na kila kifurushi kina matoleo yake. Mradi mmoja ukitaka toleo jipya na mwingine la zamani, ni vita. Ndiyo maana kila mradi tuliujengea mazingira yaliyotengwa. Sisi tukayaita chumba. Unakijenga, unaingia kwa amri moja, ndipo unasakinisha. Amri hiyo ya kuingia ndiyo niliyokuwa bingwa wa kuisahau.

Programu ya kukadiria kimo cha Ziwa Naivasha pekee haikuwa na chumba. Ilikuwa ya zamani, ikaishi sehemu ya pamoja ya mashine, nasi tukaiachia uzee wake.

Mama Wambui ndiye aliyetusomea kipimo cha maji kule Kihoto, mtaa ulio kando ya ziwa hilo, na aliishi huko huko. Asubuhi moja ya masika alipiga simu: "Boss, maji imefika karibu na choo. Nihame ama ningoje? Mama yangu hatembei, na gari ya kumbeba lazima niitafute mapema."

Nikamwahidi jibu kabla ya saa sita. Kwanza, nikajiambia, nimalizie mtafiti wa mvua kutoka Olenguruone kifurushi chake cha kuchora ramani. Nilimjengea chumba kizuri, nikajisifu, kisha nikasakinisha nikiwa bado nje ya mlango. Kifurushi kikatua sehemu ya pamoja na kubadilisha toleo la hesabu ambalo programu ya ziwa iliitegemea. Nilipoiwasha, ilinijibu makosa matupu.

Niliogopa sana. Nikafikiria kukisia tu, kwa kuwa mwaka uliotangulia maji yalirudi yenyewe.

Mkuu alisimama nyuma yangu. "Uliingia kwa chumba kabla uinstall?"

"Hapana, Madam."

"Basi wacha kupapasa huko nje. Jengea ziwa chumba yake, uweke matoleo ya zamani. Orodha ninayo."

Alikuwa ameyaorodhesha yote, Mungu ambariki. Mtandao ulijikokota, lakini saa sita kasorobo programu ilikubali: maji yangeingia Kihoto ndani ya siku tatu.

"Mama Wambui, hama leo."

"Leo leo?"

"Leo. Hata nguo zikiwa kwa kamba, anua zikiwa mbichi."

Siku ya tatu alipiga simu kutoka kwa dada yake, Gilgil. "Boss, leo sina kipimo. Nyumba imeingia maji mpaka dirishani. Mama yuko hapa, anakunywa chai." Nililia mbele ya wenzangu, wala sioni haya kusema.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kituo hunipigia wakilalamika kwamba kujenga chumba kwa kazi ya dakika tano ni usumbufu. Nawapenda, kwa hiyo nawaambia ukweli: asubuhi ile, kabla Mkuu hajaja, nilikuwa nimeshika simu tayari kumwambia Mama Wambui angoje.