Simu Iliyochemsha Mayai

Sisi tuliomaliza la saba Ifakara kabla simu za mkononi hazijafika, tuliziogopa hata kabla hatujazisikia zikilia. Nyumbani kwetu ya kwanza ililetwa na baba mdogo Fideli, alipokuja likizo kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa nzito kama nyundo, na antena yake ya kuvuta. Bonde zima la Kilombero halikuwa na mtandao, kwa hiyo haikupiga wala kupigiwa. Hata hivyo aliivaa kiunoni kwenda kanisani, akitembea kaegemea upande ule ili watu waione.

Bibi, mama yake, hakuipenda. Aliwahi kupigwa picha ya kifua hospitali, akamwona mpigaji anakimbilia nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza. Tangu siku hiyo neno mionzi hakulichezea.

"Fideli mwanangu, yule mwenye mashine yake anajificha. Wewe ukuta wako uko wapi?"

Baba mdogo alicheka. Majirani hawakucheka. Mmoja aliishika simu ile dakika mbili tu, akaumwa kichwa hadi jioni.

Mimi na Rozi, binti wa shangazi, tulikuwa na shida yetu: hamu ya mayai. Enzi zile yai lilikuwa la kuku kulalia, la mgeni, au la padri. Mtoto aliambiwa akila mayai atakuwa mwizi. Sisi tukaamua kuanza na wizi. Kuku wa Bibi alikuwa ameanza kulalia juzi yake, chini ya kitanda alicholala baba mdogo na simu yake. Tukachukua matatu, tukayachemsha jikoni kwenye kopo la maziwa. Yameiva tu, tukamsikia Bibi anarudi kutoka sala ya jumuiya, anaimba. Tungefanya nini? Tukayarudisha chini ya kuku, bado ya moto, na kuku akatuangalia vibaya sana.

Vifaranga walipototolewa, mayai matatu yalibaki. Bibi akapasua moja akitegemea viza, akakuta yai la kuchemsha. Akapasua la pili. Akakaa chini.

"Imewapika," alisema taratibu. "Imewapika humo humo ndani ya maganda."

Kabla ya chakula cha mchana sahani ya mayai yale ilikuwa imezunguka mtaa mzima. Jumapili habari zikafika kijiji cha Kisawasawa, kwa wazazi wa Agnesi, mchumba wa baba mdogo. Mshenga akarudi na jibu fupi: mwanaume anayevaa kitu kama hicho kiunoni hawezi kuwapa wajukuu. Uchumba umeishia hapo.

Baba mdogo aliacha kula. Alikaa uani kutwa akivunja vijiti. Nilimpenda sana yule mtu, na nilijiona mchawi. Siku ya tatu nikamfuata Bibi akipepeta mchele, nikasema yote, huku Rozi ananifinya mgongoni.

Alinichapa kwa mwiko, akavaa kanga safi, akanipandisha basi hadi Kisawasawa. Nikasimulia mbele ya wakwe huku nalia. Baba yake Agnesi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mliweka chumvi?"

"Shikamoo, hapana," nikajibu.

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na harusi ikafungwa baada ya mavuno. Habari ya mayai Bibi aliikubali. Simu hakuikubali mpaka anaingia kaburini, na minara ilikuja baada yake.

Watoto wa siku hizi wanalala na simu chini ya mto. Ukiwauliza kama hawaogopi mionzi, wanakuuliza chaja iko wapi. Krismasi iliyopita watoto wanne wa baba mdogo na Agnesi walijaa sebuleni, kila mmoja ameinamia kioo cha simu yake. Nikawaambia kwamba nusura wakose kuzaliwa wote kwa ajili ya mayai matatu.

Wa mwisho akainua uso. "Dada, hebu rudia nikurekodi."

Nikarudia. Nilipofika kwenye maneno ya Bibi nilijaribu kuiga sauti yake, nikashindwa. Ile yenyewe hatukuirekodi hata sekunde moja.