Meno ya Sungura wa Jilala

Watu wa Bariadi husema Lukresia ana mdomo. Ni kweli, anao. Lakini mwaka ule chama cha ushirika kilipofunga mizani na mume wake Jilala akarudishwa nyumbani, mdomo ule ulikosa wa kujibizana nao. Jilala alikuwa amepima pamba ya watu tangu ujana wake. Sasa malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yanapishana barabarani, kila moja na mzani wake na watu wake, na hakuna hata moja lililomwita. Akahamia kwenye kigoda mbele ya nyumba, kimya. Wapita njia wakimsalimu, "Mwangaluka, baba!", yeye anainuka na kuingia ndani. Chakula anakigusa tu. Lukresia, ambaye hajawahi kuogopa mtu, alikiogopa kimya kile. Alikuwa na mjomba kule Ipililo aliyeanza hivyo hivyo, akaishia kitandani, na kutoka kitandani akabebwa kwenda kuzikwa.

Siku moja alikuwa kwenye banda lake la chai, karibu na kituo cha kununulia pamba. Dereva wa lori akamwekea boksi la sabuni mezani.

"Mama, chukua huyu. Nimepewa njiani, na mimi sina pa kumweka. Usiniulize ana umri gani wala ni aina gani, sijui kitu."

Ndani mlikuwa na sungura wa kijivu, anaenea kiganjani. Hee! Lukresia hakuwahi kufuga sungura, na pale mtaani hakuna aliyefuga. Lakini akamfikiria Jilala, akalibeba boksi.

Jilala ni mtoto wa wafugaji wa Nkololo. Mnadani watu walikuwa wakimwita awatazamie meno ya ng'ombe, naye akishamfumbua mnyama mdomo hasemi mara mbili: huyu ndama, huyu mtamba, huyu bibi kizee, mnauziwa ngozi. Basi Lukresia alipoliweka boksi miguuni pake na kumuuliza, "Baba Salu, huyu ana umri gani?", mkono wa mzee ukajiendea wenyewe. Akamshika sungura, akamfunua mdomo kwa kidole gumba.

"Alaa!" akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Ana meno ya mbele hadi juu! Ng'ombe hana hayo. Na haya ya chini, mapana mawili kama ya ng'ombe aliyekomaa, yameshatoka. Huyu si mtoto, Mama Salu. Ni mtu mzima, ila ni wa aina fupi. Hakui zaidi ya hapa."

"Kweli?"

"Meno hayasemi uongo."

Lukresia alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mume anajibizana! Hata angesema yule ni tembo, siku hiyo angemkubalia. Jilala akajenga kibanda kwa mabua ya pamba, akakata majani mabichi, akawa anaenda na kurudi huku akizungumza na sungura kama mchungaji na ng'ombe wake.

Lakini yule mtu mzima hali kitu. Majani yakamkaukia puani. Tumbo likabonyea, macho yakawa mazito, na Jilala naye akaanza tena kunyamaza.

"Ng'ombe wa maskini hazai," alisema jioni moja, kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Mkono wangu umeishiwa baraka. Ninachokishika kinakufa."

Lukresia akajua kwamba sungura huyu akifa, na huyu mzee hainuki tena.

Akamtoa sungura, akampakata. Kale kapua kakatafuta, kakatafuta, kakaikamata ncha ya kanga na kuanza kuivuta. Kanavuta, kanapumzika, kanavuta tena. Lukresia amelea watoto watano. Hahitaji kuonyeshwa mtu anayenyonya.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Utamwambiaje mwanaume kwamba amekosea katika kitu pekee kilichombakia? Mke mwingine angezunguka. Lukresia alijaribu kuzunguka, akashindwa. Si tumeshasema ana mdomo?

"Baba Salu, wewe umempima kwa meno ya ng'ombe. Huyu si ng'ombe. Ni mtoto mchanga, bado ananyonya, na sisi tunampa majani."

Jilala akaitazama ile ncha ya kanga iliyolowa. Akainuka, akatoka.

"Mungu wangu, nimemmaliza," Lukresia akasema. Akakaa chini na sungura wake, machozi yakimtoka, akiulaani ulimi wake.

Jilala alikawia. Aliporudi alikuwa ameshika kikombe cha bati, ndani maziwa ya mbuzi, bado yana joto la kiwele. Alikuwa amekwenda kwa jirani yao Mayala, mtu wa utani usio na breki. Alikuwa amepiga hodi mwenyewe, akaomba, tena akaeleza kwa nini anaomba.

"Amecheka mpaka amekaa chini," Jilala alisema. "Ati, mtazama meno mzima! Nikamwambia, cheka, lakini kamua kwanza."

Akachomoa pamba kidogo kwenye mto, akaichovya kwenye maziwa. Sungura akaidaka.

"Taratibu, bwana," Jilala akamwambia. "Hakuna anayekunyang'anya."

Lukresia akafuta uso kwa ile kanga iliyonyonywa.

Sungura hakufa. Na ile aina fupi? Ilirefuka. Masikio yalitangulia, miguu ikafuata, na kufikia msimu wa kupanda alikuwa akiingia kwenye boksi la sabuni makalio yanabaki nje. Aina yake hasa hawakuijua kamwe. Jilala alisema ni aina ya lori.

Asubuhi moja Mayala akapita na mbuzi wake.

"Mwangaluka, Jilala! Yule ng'ombe wako mzee hajambo?"

Jikoni, Lukresia akausimamisha mwiko. Akatega sikio asikie kama kigoda kitasogea, kama miguu itaingia ndani.

"Mwangaluka!" Jilala akajibu, sauti ikafika barabarani. "Hajambo sana! Njoo umtazame meno mwenyewe, mimi nimestaafu!"

Lukresia akaongeza maji kwenye sufuria ya chai, maana Mayala akishaingia haondoki upesi.