Daku ya Bi Mahbuba

Saa moja na nusu asubuhi, Bupe Mwaisaka anainama juu ya meza ya upasuaji, mkononi ana kikombe cha mpira cha kupumulia. Aliyelala mezani ni Bi Mahbuba, bibi wa miaka 67, mzaliwa wa Unguja na mkazi wa Sib, Oman, anayesubiri kutolewa mawe ya nyongo.

"Shikamoo, bibi. Leo hujala daku?"

"Marahaba. Wallahi hata mate nnayameza kwa khofu yako wewe!"

Chumba kizima kinaangua kicheko. Swali hilo lina kisa chake.

Bupe, 34, mtu wa Tukuyu, ni msaidizi wa daktari wa usingizi katika hospitali moja binafsi mjini Muscat kwa miaka kadhaa sasa. Kwa siku hushiriki kuwapiga nusu kaputi wagonjwa hadi kumi. Wazee wanaozungumza Kiswahili huelekezwa na yeye.

Wiki iliyopita alimwambia Bi Mahbuba, "Kesho ufunge, bibi," akaenda zake akijua kazi imekwisha. Kumbe amelikoroga.

Kesho yake fomu ilisema mgonjwa amefunga. Dokta Harub, daktari wa usingizi, alikwisha kushika sindano pale bibi alipoamua kujisifu: "Nimefunga barabara, mwanangu. Alfajiri nimekula daku, wali na papa, nikanuia."

"Dokta, usichome!" Bupe alipiga kelele.

Mtu akilazwa tumbo limejaa, chakula huweza kupanda na kuingia mapafuni, na huenda asiamke tena. Lakini kwa Bi Mahbuba kufunga ni saumu, na saumu ina daku yake.

Upasuaji uliahirishwa. Suud, mwanawe, alikuja juu: nani aliyempotosha mama yake?

"Nilimwambia ni mimi," anasema Bupe. "Neno nililitoa mimi. Niliogopa, lakini ningenyamaza ningeogopa zaidi."

Siku hizi haulizi kama mtu amefunga. Huuliza mara ya mwisho kutia kitu mdomoni ni saa ngapi, kisha hutaja kimoja kimoja: daku, kahawa, tende, halua. Anataka maswali hayo yabandikwe wodini kwa Kiswahili. Na mwakani anarudi shule kusomea utaalamu wa usingizi. "Sindano nitaishika mwenyewe," anasema, na hatanii.

Saa tatu na nusu, Bi Mahbuba anafumbua macho. Bupe yupo pembeni, amemshika mkono.

"Mwanangu," bibi ananong'ona, "jee, magharibi ishaingia? Nataka kufuturu."