Povu kwenye Mpira wa Gesi

Kila nikinunua jiko kuukuu la gesi nilitengeneze, harufu ya kutu na sabuni hunirudisha uani kwetu Ng'ambo. Jiko letu la mishikaki alituuzia ami, mdogo wake baba. Nasema wazi, alijua mpira umepasuka, akaufunga tepu nyeusi.

"Washa, shemegi! Waogopa nini?" akamcheka mama. Sisi watoto tumelizunguka jiko, tunameza mate.

Mama alifungua gesi bila ya kuwasha, akaupaka mpira povu la sabuni. Pale penye tepu mapovu yakafura, moja juu ya jengine, yanameta rangi zote. Subhanallah, sijaona tena uzuri ule.

"Basi washa wewe," mama akasema, akampa kibiriti.

Ami akarudi nyuma mpaka mlangoni.